Mwizi wa Karani pale Namakwekwe

Ninyi mnaokabidhiwa kamba mwaka huu, nimeambiwa kwamba baadhi yenu hamkuomba kazi ya mbwa, mmepangiwa tu. Msione aibu. Mimi pia nilipangiwa. Nilitaka udereva. Wakaniuliza kama naogopa mbwa, nikajibu kwa sauti kubwa kwamba siogopi, wakaandika jina langu. Nilikuwa naogopa hata watoto wa mbwa.

Nawaandikia nikiwa kibarazani mwa chumba changu cha kupanga hapa Namakwekwe, Mbale, mguu wa kulia nimeulaza juu ya kiti cha pili. Nimechoka, na sioni haja ya kulificha jambo hilo. Mtu aliyevutwa na mbwa kwenye mashamba ya miwa na mabonde ya mpunga kwa miaka mingi hachoki mwili mzima kwa pamoja. Huanza bega la mkono unaoshika kamba, kisha kiuno, kisha goti, na mwisho huchoka hamu ya kusimulia. Lakini afande mmoja wenu ameniomba niwaandikie machache kuhusu kufuata nyayo, nami nimeona niandike kabla hamu yenyewe haijaisha. Nitawaeleza ya kazi. Zaidi nitawaeleza ya mbwa mmoja, Karani, kwa sababu kitu kikubwa kuliko vyote nilichojifunza kuhusu mbwa wa kazi nilijifunza nikiwa nimeshavua sare.

Tuanze na beseni.

Watu wa upande wetu wanajua kwamba wakiibiwa, jambo la kwanza ni kutafuta unyayo wa mwizi na kuufunika. Hawakufundishwa na mtu yeyote; wamejifunza kwa kutuangalia. Utafika kwenye ua wa mtu saa za asubuhi, utakuta umati umesimama, na katikati ya ua kuna beseni limepinduliwa, na bibi mmoja amelisimamia kama analinda kaburi. Chini ya beseni kuna unyayo. Mbwa ananusa hapo, anaondoka. Mkifika mahali mkakuta beseni, mshukuruni mwenye beseni kabla ya kumsalimia mwenyekiti wa kijiji.

Ila ulizeni beseni lilikuwa na nini. Karani akiwa bado kijana, tuliitwa Masese, kule Jinja, kwenye mwalo wa samaki. Injini ya boti ilikuwa imeibiwa. Mama mmoja muuza samaki alikuwa ameufunika unyayo vizuri kabisa, kwa beseni lake la kuanikia mukene, wale dagaa wetu wadogo. Karani alinusa, akainua kichwa kwa heshima, akanivuta moja kwa moja kupita umati wote mpaka kwenye nyavu ambako mukene walikuwa wameanikwa juani, akaketi. Kuketi ndiyo ilikuwa alama yake ya kusema nimempata.

Masese nzima ilicheka.

"Afande, funga pingu hiyo mukene!"

"Banange, jamani, wako wengi, gari itatosha?"

Mwalimu wangu, Koplo Wandera, hakucheka wala hakukasirika. Alimrudisha Karani kwenye chumba ilikoibiwa injini, akamwonyesha mahali kwenye ukuta wa udongo ambapo mtu alikuwa ameegemea bega akivunja kufuli. Karani akanusa ukuta. Safari hii alitupitisha katikati ya wale wale mukene bila kuwatazama, akaketi mbele ya mtu aliyekuwa akinywa chai na kula chapati, na ambaye alikuwa amecheka kuliko watu wote. Injini ilikuwa chini ya kitanda chake.

Basi, beseni safi na kavu. Lisiwe la samaki, lisiwe la sabuni. Na msiende kazini jua likiwa utosini mkitegemea miujiza. Harufu ya mguu hupenda ardhi yenye ubaridi na unyevu. Mvua kubwa inaifuta, manyunyu yanaitunza. Mwizi akimwaga pilipili, msimlazimishe mbwa kuipita, zungukeni kwa upana muikute njia mbele. Na wezi wengi hamtawapata kwa pua. Niliwahi kumfungulia Karani mlango wa gari tu, kabla hajashuka, mtu mmoja kwenye umati akatimua mbio kuelekea mtoni. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.

Najua sasa mna kamera za barabarani na mnaweza kufuata simu ya mtu mpaka chumbani kwake. Vizuri. Sisi tulivuka mabwawa kwa kitu ambacho ninyi mnakipata mkiwa mmekaa. Lakini simu mtu huizima. Miguu yake haizimi.

Sasa niwaeleze jinsi Wandera alivyofundisha, maana hapo ndipo habari yenyewe ilipo. Siku hizi mnamlipa mbwa kwa mpira. Akipata, anarushiwa, anacheza. Wandera alilipa kwa chakula, na hakuwa na bakuli. Kila mlo wa mbwa wake ulikuwa mwisho wa njia. Hata siku zisizo na wizi alimtuma askari atembee, ajifiche, na mbwa alipomkuta na kuketi, ndipo Wandera alipofungua kopo, akamlisha kwa mkono, akasema, "Kazi imekwisha." Neno hilo lisiposemwa mbwa hakulegea. Mtu mwingine akimtupia nyama, mbwa aligeuza uso. Hilo lilitusaidia sana, kwa sababu wezi wa siku zile walijua kutumia sumu. Nilishuhudia mapande ya nyama nzuri yakirushwa juu ya ukuta wa kituo, na asubuhi kunguru wamekufa na mbwa wetu wako hai.

Karani alipata jina lake akiwa mdogo. Alikuwa wa ile jamii ya Kijerumani yenye mgongo mweusi, na alipoketi aliketi wima, shingo imenyooka, kama karani wa mahakama anayesubiri hakimu aingie. Tulifanya kazi Jinja miaka yake yote ya nguvu. Tulizungumza Kiswahili, kwa sababu kikosi kilizungumza Kiswahili. Mke wangu, Mgisu wa kilima cha Wanale, juu ya Mbale, alikuwa akinitania kwamba mimi Mteso namsalimia yeye kwa lugha yake, nawasalimia majirani kwa Kisoga, na Kiswahili changu chote kizuri nampa mbwa. Alikuwa na haki. Wazee wengi huku wakisikia Kiswahili bado hukaza mabega, wakikumbuka askari wa zamani na vitako vya bunduki. Mimi nilikitumia kila siku kumwambia mnyama kwamba amefanya vizuri.

Mke wangu alifariki kabla sijastaafu. Muda wangu ulipoisha, Karani naye alikuwa ameshaanza kuwa mzito, wakanikabidhi tukazeeke pamoja. Nikahamia Mbale, karibu na wakwe zangu, nikapanga chumba hiki katika safu ya vyumba vinavyotazamana na ua mmoja. Jirani yangu wa mlango unaofuata ni Hajati Zaina, mjane kama mimi, muuza vitenge na vitambaa vya mapazia sokoni.

Siku ya kwanza alisimama mlangoni pake, akamtazama Karani, akanitazama mimi.

"Afande, karibu sana. Wewe karibu. Huyo, tuzungumze."

"Hang'ati, Hajati."

"Sijasema anang'ata. Nasema mate. Mimi nina mkeka wangu wa kuswalia hapa, nina udhu wangu. Akinigusa kwa mate naanza kuosha mara saba, mara moja kwa udongo. Wewe utanichotea hayo maji?"

"Nitachota."

"Usichote. Shika kamba."

Tukaelewana hivyo. Nilichora mstari kwa kisigino kutoka ukutani mpaka kwenye tangi la maji, na Karani hakuuvuka. Kila asubuhi nilimtengenezea njia fupi kwa mazoea tu. Nilimlipa Wamimbi, kijana wa boda boda wa chumba cha mwisho, kikombe cha chai, akatembea, akajificha nyuma ya kioski au kwenye migomba, Karani akamkuta, akala. Hajati alitutazama akisukutua mdomo na kutikisa kichwa.

"Mmestaafu au mmehamisha kituo?"

Ugonjwa ulikuja kwa jambo ambalo mtu wa mbwa hufurahia: alianza kunywa maji vizuri. Sikilizeni hapo. Mbwa wa kazi akinywa sana tunasema ana nguvu. Karani alimaliza bakuli, akarudi kuliomba tena, na mkojo wake ukawa mweupe kama maji yenyewe. Kisha akapungua mgongoni. Nilipomfunga ule mkanda wa kifuani wa kazi, tundu la zamani likawa halifai. Mdomo ukaanza kunuka, si harufu ya kawaida ya mbwa, harufu kali ya chooni. Ukivuta ngozi ya shingo na kuiachia, ilirudi polepole kama kitambaa kilicholowa.

Daktari wa mifugo aliyekuja alikuwa binti wa hapa hapa Mbale, Daktari Nambozo, mwenye pikipiki yake mwenyewe na mkono usio na haraka. Alichukua damu, akarudi baada ya majibu, akaketi kwenye kizingiti changu.

"Mzee, ni figo. Zimechoka, na figo zikichoka hazirudi. Hatumponyi. Tunamsaidia kubeba."

Akanifundisha kumwekea maji ya chumvi chini ya ngozi, kwa mfuko wa dripu uliotundikwa kwenye msumari wa mlango. Akanipa dawa ya kichefuchefu. Akasema nyama ipungue, wali uongezeke, ute mweupe wa yai, na maji asinyimwe hata kidogo. Tena akasema apumzike, mazoezi basi. Niliandika yote na kufanya yote. Mkanda wa kazi nikautundika ukutani. Nikanunua bakuli la chakula, la kwanza katika maisha ya Karani, nikaweka wali mbele yake.

Hakula.

Nilibadilisha. Nikachemsha samaki, nikatoa miiba, nikachanganya na wali. Akanusa, akageuza uso kwa adabu, akalala. Nikamlisha kwa mkono, akalamba kidole changu tu. Daktari alisema ni ugonjwa, mdomo una vidonda, tumbo linachafuka. Akabadilisha dawa. Siku zikaenda, mbavu zikaanza kuonekana, na mimi nikaanza kuangalia upande wa Wanale, kwenye shamba la wakwe zangu, nikiwaza mahali pa kumzika.

Ndipo asubuhi moja Hajati akatoka kwenda sokoni. Alikuwa na mabunda ya vitambaa mikononi, na leso yake ikaanguka uani karibu na mahali Karani alipolala. Hakuona. Akafika kwenye lango la bati, akasimama kuzungumza na muuza maandazi. Karani akainuka. Alikuwa hajainuka mwenyewe tangu juzi yake. Akanusa leso, akashusha kichwa, akauvuka mstari wangu wa kisigino, akafuata hatua za Hajati moja baada ya nyingine mpaka langoni, miguu ya nyuma ikiyumba. Akaketi nyuma yake. Wima, shingo imenyooka.

Hajati aligeuka, akapiga ukelele uliowatoa watu wote vyumbani.

"Afande! Toa mnyama wako! Afande!"

"Usikimbie, Hajati! Simama tu! Amekukamata!"

"Amenikamata kwa kosa gani?"

Muuza maandazi alikuwa amekaa chini kwa kucheka. Karani hakumtazama Hajati tena. Alinitazama mimi. Mkononi nilikuwa na sahani ya samaki na wali niliyokuwa nakwenda kuimwaga. Mguu wangu ni mbovu lakini siku ile nilifika langoni kabla ya vijana wote wa ua ule. Nikachukua tonge, nikampa. Akala. Nikampa lingine. Akala sahani yote pale chini ya lango, taratibu, kwa sababu ya vidonda, akiacha na kuanza tena. Nikasema, "Kazi imekwisha."

Mnaona lilivyokuwa. Mwili ulikuwa mgonjwa kweli, daktari hakukosea. Lakini juu ya ugonjwa, mbwa alikuwa anangoja kufanya kazi ili ale, na sisi kwa huruma tulikuwa tumemfukuza kazi. Wandera alitufundisha kila kitu kuhusu mbwa mwenye nguvu. Kuhusu mbwa mzee hakumfundisha mtu, kwa sababu mbwa wengi wa siku zile hawakufika huko.

Nilimweleza Hajati jioni ile, yeye akiwa upande wake wa mstari, mimi upande wangu. Alinisikiliza akikunja vitambaa.

"Kwa hiyo asipomkamata mtu hali."

"Hali."

"Na Wamimbi?"

"Wamimbi huondoka kabla ya mapambazuko siku hizi. Na mimi hawezi kunitafuta, mimi ndiye nashika kamba."

Alikunja kitambaa kingine, akakipiga piga juu ya goti.

"Miaka yote hii sokoni sijampunja mtu hata shubiri ya kitambaa. Uzeeni nakuwa mwizi."

"Hajati, sikukuomba."

"Ungeniomba ningekataa. Nyamaza. Niambie mwizi anafanya nini."

Alifanya vizuri kuliko askari wengi niliowahi kuwatuma. Kila asubuhi baada ya swala alitoka na beseni lake la bluu, safi na kavu, kama nilivyomfundisha. Alikanyaga vumbi mlangoni pake kwa mguu mmoja bila ndara, akaufunika unyayo, akatembea na kujificha: nyuma ya tangi, nyuma ya kamba ya nguo, mara moja chooni, akatoka akilalamika kwamba wizi ni kazi ya taabu. Mimi nilimfunga Karani mkanda, nikainua beseni, nikasema, "Tafuta." Alipomkuta na kuketi, Hajati aliinua mikono juu.

"Nimekamatwa, afande. Usinipige."

"Umeiba nini?"

"Leo nimeiba ng'ombe wawili na paa la msikiti."

Karani akala. Majirani wakaanza kutoka na vikombe vyao vya chai kutazama. Nadhani zilikuwa asubuhi za furaha, ingawa nilikuwa nimechoka sana. Nilikuwa naamka kuosha matapishi, kupika wali, kutundika dripu, kuosha tena sakafu. Mtu anayemuuguza mnyama kwa ugonjwa mrefu haulizwi na mtu amelalaje. Anaambiwa ni mbwa tu. Mkifika huko, mjibu, "Ndiyo, ni mbwa," mwendelee kupika. Kubishana kunamaliza nguvu mnazozihitaji.

Nilimuuliza Daktari Nambozo nitaijuaje siku. Kwa maana alishaniambia kwamba wakati ukifika anayo sindano ya kumlaza bila maumivu, na kwamba figo zikiachwa zimalize zenyewe hufika mahali pabaya, mbwa akitetemeka na kulia.

"Wewe ndiye unamjua," alisema. "Anakula kwa sababu amefanya kazi. Basi siku akimaliza kazi na asitake chakula, usingoje kesho. Nipigie."

Niliahidi. Na hapo ndipo nilipoanza kucheza mchezo. Njia ilikuwa kutoka mlangoni mpaka langoni. Nikaona anahema, nikamwambia Hajati aishie kwenye tangi. Kisha kwenye kamba ya nguo. Kisha ukutani, hatua chache tu. Samaki nikaongeza zaidi ya alivyosema daktari, wali ukapungua, kwa sababu harufu ya samaki humvuta. Nilihesabu kila tonge alilomeza kuwa ni ushindi. Siku aliyoacha nusu nilisema ameshiba. Siku aliyotema nilisema ni mwiba.

Hajati ndiye aliyelisema. Alikuwa ameinua mikono juu, amesimama karibu na mlango wake kiasi kwamba angeweza kurudi ndani bila kugeuka.

"Afande."

"Naam."

"Mimi siku hizi sijifichi. Nasimama tu. Huyu unamtafutia mwizi, au unajitafutia siku za ziada?"

Nikainama kumfungua Karani mkanda. Hajati alishusha mikono, akaingia ndani, na kwa mara ya kwanza hakutaja alichoiba.

Asubuhi iliyofuata manyunyu yalikuwa yamepita usiku. Ardhi ilikuwa nzuri kwa kazi, ubaridi na unyevu, kama ambavyo ningeichagua mwenyewe. Hajati alikanyaga, akafunika. Kisha hakwenda popote. Alivuta kigoda chake, akakiweka hatua chache kutoka hapo, upande wangu wa mstari, akaketi.

Nilimfunga Karani mkanda. Ulimzunguka kama nguo ya mtu mwingine. Nikainua ukingo wa beseni. Alinusa kwa muda mrefu, kama anayesoma mara ya pili ili asikosee. "Tafuta," nikasema. Alinyanyuka. Hatua ya kwanza aliipata, ya pili miguu ya nyuma ikakataa, akaketi chini kwa uzito. Akajaribu tena. Nilimshika chini ya tumbo, nikitaka kumsaidia.

"Mwache," Hajati alisema.

Alisogeza kigoda mbele. Akasogeza tena. Akanyoosha mkono, kiganja wazi, mkono ule ule anaokunjia vitambaa na kuuinua kwa dua, akauweka mbele ya pua ya Karani. Karani akanusa kiganja. Pua yake ilikuwa imelowa, na mdomo ulikuwa ukidondosha mate siku hizo, yakamwagika mkononi. Hajati hakuuondoa mkono. Karani akajikusanya, akanyoosha shingo, akaketi wima.

"Nimekamatwa, afande," Hajati alisema, taratibu.

Nikafungua kopo. Samaki wote, bila wali. Nikampa tonge. Alilitazama, akanitazama mimi, akageuza uso, kama alivyokuwa akigeuza kwa nyama ya wezi. Nikabadilisha mkono. Akageuza tena. Hakuwa na kichefuchefu, hakuwa amekasirika. Alikuwa amemaliza kazi na hakutaka malipo.

Nilikaa na lile tonge kwenye vidole mpaka likapoa. Nikatoa simu, nikampigia Daktari Nambozo.

Alikuja kabla jua halijapanda. Nilimwomba asifanye lolote mpaka nimvue mbwa mkanda. Nikafungua kifungo, nikamwambia, "Kazi imekwisha, Karani. Kazi imekwisha." Alilegea, akaweka kichwa juu ya goti langu lile bovu. Sindano ilikuwa fupi. Wamimbi alirudi kutoka stendi bila kuitwa, akatubeba, mimi nyuma na Karani mapajani katika shuka, mpaka Wanale kwa wakwe zangu, na tukamzika pembezoni mwa kahawa. Shemeji yangu alichimba bila kuuliza kwa nini mbwa anachimbiwa shimo refu hivyo.

Vijana, lichukueni hili moja mkisahau mengine yote. Mfundisheni mbwa kufuata, kuketi, kukataa nyama ya mgeni. Lakini mara kwa mara, siku isiyo na kazi, mwekeeni chakula mbele, mkae kando yake, ale bure. Ajue kwamba hata siku ambayo hajampata mtu, bado ana haki ya kula. Mtakapofika uzeeni mtaona kwamba si mbwa tu anayehitaji kufundishwa hivyo. Mimi bado najifunza. Hajati akiniletea chai asubuhi natafuta cha kumfanyia kwanza, naye ananiambia ninywe.

Jioni ile ya mazishi nilirudi nikakuta ua umefagiliwa, isipokuwa mahali pamoja. Beseni la bluu lilikuwa palepale, limepinduliwa. Hajati alikuwa mlangoni pake. Mkono wake alishauosha mara zake saba, udongo ulikuwa umekaukia kwenye kiwiko. Nikainama kulichukua nimrudishie.

"Acha hapo," alisema.

"Hutaki kufulia?"

"Nitaazima kwa jirani. Acha hapo, afande. Bado kuna unyayo."